Ng'ombe Sabini na Nne: Namna ya Kuomba Nafasi ya Falsafa na Kuupima Ufadhili

Naomba nianze na swali la baba yangu. Mwezi Machi mwaka huu alinipigia simu kutoka Serengeti, usiku, mtandao ukikatikakatika, akaniuliza: "Mura, hiyo falsafa yako ni ng'ombe ngapi?" Sikuwa na jibu. Mkononi nilikuwa na barua mbili za kukubaliwa chuo, moja ya Uingereza na nyingine ya Kanada, zote zimeandikwa kwa lugha ya pongezi kiasi kwamba ukizisoma haraka haraka unaweza kudhani umekwishafika. Ilinichukua karibu wiki mbili kuzisoma kama tunavyofundishwa kusoma shairi, mstari kwa mstari, nikitafuta lile lisilosemwa. Makala haya yametokana na usomaji huo. Nimeyakusudia kwa wanafasihi wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu wanaowaza kuomba nafasi ya shahada ya pili au ya tatu katika falsafa, hasa wale ambao nyuma yao hakuna mjomba mwenye akaunti ya dola bali zizi.

Huenda mtu akauliza: makala ya namna hii yanatafuta nini katika jarida la uhakiki? Jibu langu ni kwamba njia hii ilishatembewa na watu wetu wa fasihi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu Mara, alisoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, akaandika tasnifu ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, alikohitimu uzamivu mwaka 1985. Tasnifu yake ya huko ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Wale wanaolalamika kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazieleweki wangeanza na jambo hilo: mwandishi alikuwa ametoka kubishana na wanafalsafa kwa miaka, na ubishi ule hakuuacha Marekani.

Mwingine ni jirani yetu wa kaskazini. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Siaya mwaka 1944, alikwenda Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi, akaishia falsafa. Aliporudi Chuo Kikuu cha Nairobi alianzisha ule mradi wa kuwahoji wazee, baadhi yao wasiojua kusoma wala kuandika, akiwatenga wale wanaokariri tu yaliyosemwa na mababu na wale wanaoyahoji. Kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga kilitoka mwaka 1990, naye akafariki 1995. Sasa we fikiria: ukitoka Tarime mjini ukafika Sirare, ukivuka mpaka uko Isebania, na Wakurya wapo pande zote mbili. Wazee wanaokaa kwenye iritongo kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba wanafanya kazi ambayo Odera Oruka aliisafiria vijiji kuitafuta. Sisi tunaiona bure tangu utoto, tunaiita kero kwa sababu inachukua siku nzima.

Na wa tatu simtaji kwa kirefu maana kila mtu anamtaja. Nyerere wa Butiama alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kabla ya hapo, akiwa Makerere, alikwishaandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akachukua hoja za John Stuart Mill na kuzipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Huyo ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Nitairudia insha hiyo hivi punde, kwa sababu ndiyo mfano bora ninaoujua wa kile ambacho vyuo hivi vinakitaka.

Wanachotaka, kwa kifupi, ni maandishi yako. Transkripti wataiangalia, barua za wadhamini wataziangalia, lakini kinachoamua ni sampuli ya maandishi, insha moja ya kurasa kumi na tano hadi ishirini hivi. Hapa ndipo wanafasihi wengi tunapoanguka, na mimi mwenyewe nilianguka mara ya kwanza nilipompelekea mhadhiri wangu rasimu. Nilimpa uhakiki wa Kichwamaji. Ulikuwa na dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Fani na maudhui kama tulivyozoea tangu kidato cha tatu. Akanirudishia na swali moja pembeni: "Wewe unadai nini?" Nikaona ananionea. Kumbe alikuwa amegusa kidonda. Katika kurasa kumi na nane nilikuwa nimeeleza kwamba mwandishi anaona maisha hayana maana, nimeonyesha mahali anapolisema hilo, nimemsifu kwa kulisema vizuri, wala sikuuliza hata mara moja kama ni kweli.

Insha ya falsafa inataka dai moja, dogo kuliko unavyofikiri, na sababu zake. Kisha inataka umlete mpinzani wako mwenye nguvu kuliko wote, umpe kiti, asikilizwe, ndipo umjibu. Mpinzani wa kujitengenezea, yule mjinga anayeanguka kwa pigo moja, wanamtambua mara moja. Ukimtaja mwandishi mkubwa usimtaje kwa kumnukuu kama Msahafu. Mchukue hoja yake, ieleze kwa maneno yako kwa haki, halafu ipime. Mathalani John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake hoja nzima kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Mwanafasihi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: je, maneno hayo yanabeba mzigo huo? Tunayatumia hivyo kweli? Mfugaji anayetunza mtamba leo kwa ajili ya mahari ya mtoto ambaye hajabalehe anaishi katika wakati gani? Hapo tayari una insha. Hukuhitaji maktaba ya Oxford.

Mimi nilichukua njia ya Nyerere bila kujua. Nilitupa Kichwamaji kando nikaandika juu ya nyumba ntobhu. Kwa msomaji asiyetoka Mara: ni desturi iliyopo kwa Wakurya na baadhi ya majirani zao ambapo mwanamke, aghalabu mwenye umri na asiye na mtoto wa kiume, anamwolea msichana kwa ng'ombe wake mwenyewe, msichana anazaa na mwanamume atakayekubalika, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mwanamke. Kwenye ukoo wetu yupo bibi mmoja aliyefanya hivyo, na watoto wa nyumba yake nimechunga nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaielewa ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ya bibi huyu mbele ya sheria si ndoa. Dai langu lilikuwa kwamba kinachoifanya ndoa kuwa ndoa katika desturi hii ni majukumu, yaani nani anawajibika kwa nani, kwa ng'ombe gani, mbele ya mashahidi gani, na kwamba miili ya waoanaji ni jambo linalokuja baadaye. Nililiona dai zuri sana. Mpinzani wangu alikuwa yule mwenye kusema kwamba pasipo jinsia mbili hakuna ndoa. Nikampiga vizuri tu. Nitaeleza mbele kidogo ni nani aliyenionyesha kwamba nilikuwa nimempiga asiyekuwapo.

Barua ya kueleza nia haina mengi. Ukurasa mmoja na nusu, sema unataka kufanyia kazi swali gani, umejiandaa vipi, na ni walimu gani wa idara ile wanashughulikia maswali ya jamaa yake. Acha habari za kupenda falsafa tangu utotoni. Acha pia kuuza umaskini. Najua kuna wanaoshauri uandike jinsi ulivyotembea kilomita kumi kwenda shule ukikwepa tembo. Kama ni kweli na linahusu swali lako, lisemwe, maana kuna swali zito la maadili kati ya hifadhi ya Serengeti na vijiji vinavyopakana nayo, na ningependa kusoma insha ya mtu ambaye shamba lake limeliwa. Lakini tembo wa kuombea huruma aachwe porini.

Wadhamini kwa kawaida wanatakiwa watatu. Waombe mapema, miezi miwili kabla, uwape insha yako na orodha ya tarehe. Hapa kwetu kuna tatizo ambalo tuliseme wazi: mhadhiri anafundisha darasa la watu mia tatu, jina lako halijui, na mfumo wa vyuo vya nje unamtaka apakie barua yeye mwenyewe kupitia barua pepe ya kikazi. Mmoja wa wadhamini wangu, ambaye simtaji, aliniambia niiandike mwenyewe yeye atasaini. Nilikataa, si kwa uadilifu tu bali kwa woga. Mtu hawezi kujisifu kwa mwandiko wake mwenyewe bila kujulikana. Nilimwomba badala yake anipe dakika ishirini tuijadili insha. Alinipa saa nzima, na barua aliyoiandika ndiyo iliyonisaidia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walio mwaka wa pili: nendeni ofisini mwa wahadhiri sasa hivi, mkiwa na swali, kabla hamjawa na shida.

Kuna vijambo vidogo vinavyoua. Vyuo vyetu vingi hapa vinahesabu wastani kwa 5.0, Wamarekani kwa 4.0, ukiandika 3.9 bila maelezo, mtu wa kule atakuona malaika au mwongo. Andika "kati ya 5.0" kila mahali. Mtihani wa Kiingereza ni ghali, dola zaidi ya 200, lakini vyuo kadhaa huusamehe ukileta barua kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. (Kichekesho ni kwamba sisi tuliosoma kozi nyingi za fasihi kwa Kiswahili barua hiyo inatukataa. Umahiri wetu unageuka kuwa kasoro.) Ada ya maombi kwa vyuo vya Marekani huwa dola 75 hadi 100 na ushei kwa kila chuo, vingi vina msamaha wa ada hiyo lakini lazima uuombe, tena kabla ya siku ya mwisho. Mtihani wa GRE idara nyingi za falsafa zimeuacha tangu 2020, usilipie kabla hujahakikisha.

Na saa. Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari, usiku wa manane wa huko. Usiku wa manane wa New York wakati wa baridi ni saa mbili asubuhi kwetu, kesho yake. Nilikuwa likizo nyumbani, nikaenda Mugumu kwenye steshenari jioni, umeme ukakatika. Nililala kwa rafiki mjini pale, nikaamka alfajiri nikiwa nimekata tamaa, ndipo nikapiga hesabu ya masaa nikagundua bado nina muda hadi saa mbili. Niliituma saa moja na dakika arobaini. Usinifuate kwa hilo.

Sasa tuje kwenye ofa zenyewe, maana hapa ndipo palipo na mengi ya kusema.

Kwanza ujue kwamba mabara hayafanani. Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na idara nzuri za falsafa humpa kila anayekubaliwa msamaha wa ada, posho na bima ya afya kwa miaka mitano hivi, naye analipia kwa kufundisha madarasa ya chini. Uzamivu wa falsafa usio na fedha huko, usiuchukue, hata kama barua ina nembo ya dhahabu. Zipo pia idara zinazotoa uzamili peke yake na kuwafadhili baadhi ya wanafunzi, kama Georgia State na Wisconsin-Milwaukee, nazo zinawafaa watu kama sisi ambao falsafa hatukuisoma kama somo kuu. Hata hivyo masharti ya viza za Marekani kwa Watanzania yamekazwa kuanzia 2025. Kabla hujalipa hata senti ya maombi, hakikisha hali ilivyo siku hiyo kwenye taarifa za ubalozi wenyewe, usitegemee makala haya. Uswidi, Norwe na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu aghalabu ni mwajiriwa mwenye mshahara, lakini wanataka uwe na uzamili kwanza. Uingereza uzamili aghalabu ni mwaka mmoja, ingawa ile BPhil ya Oxford ni miwili, na ada kwa mgeni ni kubwa. Ufadhili wa Chevening unalipa kila kitu, ila unataka uwe umefanya kazi miaka miwili na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa anayetoka darasani moja kwa moja mlango huo bado umefungwa. Nairobi na Makerere wana idara za falsafa za siku nyingi. Ada zao ni nafuu sana ukilinganisha, ila mara nyingi utajilipia.

Barua yangu ya Uingereza ilisema nimepewa tuzo ya nusu ya ada. Nyumbani habari ikafika kwamba nimepata skolashipu. Tukapiga hesabu. Ada kamili ilikuwa kama paundi 25,000. Tuseme paundi moja ni shilingi 3,300. Hiyo ni milioni 82 na nusu. Nusu yake, milioni 41 na robo, ni juu yangu. Halafu viza: lazima uonyeshe benki fedha za kujikimu kwa miezi tisa, na nje ya London ni zaidi ya paundi 1,100 kwa mwezi. Ichukulie 1,100 tu: paundi 9,900, yaani shilingi milioni 32 na laki sita na sabini elfu. Jumla inakuwa milioni 73 na laki tisa na ishirini elfu. Tuseme ng'ombe mmoja mnadani anafika milioni, ambayo ni bei ya dume zuri na si ya kila ng'ombe. Ni ng'ombe 74. Bado nauli, bado ada ya viza, bado ile ada ya huduma ya afya ya paundi 776 kwa mwaka. Zizi letu lina ng'ombe thelathini na mmoja, na humo kumi na wawili ni wa mahari ya dada yangu.

Baba alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi hiyo nusu waliyotupa ni ya nini?" Sijasikia uhakiki bora wa barua ile. Nusu ya ada kwa mtu mwenye nusu nyingine ni msaada mkubwa. Kwa asiyekuwa nayo ni bei tu, imeandikwa kwa mwandiko wa zawadi.

Barua ya Kanada ilikuwa na mtego wa aina nyingine. Ilisema dola za huko 32,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, sehemu ni tuzo na sehemu ni ujira wa kusaidia kufundisha. Nilipoiona tarakimu ile nilitoka nje kutembea. Aya ya nne ikasema ada italipwa na mwanafunzi. Kumbe ada inatoka humo humo! Ada ni 12,000, zinabaki 20,000. Chumba cha kushirikiana katika mji ule mdogo ni kama 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Zinabaki 10,400, au kama dola 866 kila mwezi kwa chakula, koti, vitabu na kutuma nyumbani. Inawezekana, ila kwa kubana. Lakini Serikali ya Kanada, kuanzia Septemba 2025, inamtaka mwombaji mmoja aonyeshe karibu dola 22,900 za kujikimu mbali na ada ya mwaka wa kwanza. Mimi ninazo 20,000. Pengo ni 2,900, na kwa shilingi 1,800 kwa dola ni milioni tano na laki mbili na ushei. Ongeza nauli, tuseme milioni tatu na nusu. Ng'ombe tisa.

Kwa hiyo ukipata ofa, usiangalie tarakimu kubwa iliyoandikwa kwa wino mzito. Uliza ada imo au haimo. Uliza ni miaka mingapi, na je, wameahidi au wanategemea. Uliza miezi ya kiangazi inalipwa na nani, kwa sababu posho nyingi ni za miezi minane au tisa, na tumbo ni la miezi kumi na miwili. Uliza bima. Uliza kazi ya kufundisha ni saa ngapi kwa wiki. Kisha uliza pango la mji ule, maana dola 25,000 katika jiji ambalo chumba ni 1,500 kwa mwezi zinakuachia 7,000 kwa mwaka, ilhali 22,000 katika mji wa chumba cha 700 zinakuachia 13,600. Mwenye ofa ndogo ndiye tajiri. Hayo yote uyaulize kwa barua pepe ya heshima kwa mratibu wa idara, hawakasiriki. Mimi niliogopa siku tano nzima kuandika, nikidhani kuuliza fedha ni utovu wa adabu, na jibu lilikuja ndani ya saa tatu. Nilieleza pia lile pengo la 2,900, wakasema hawana zaidi kwa mwaka wa kwanza. Sawa, angalau nimejua.

Juu ya tarehe, vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano kwamba mwenye ofa ya fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, na baadhi ya vyuo vya nje ya Marekani huiga. Ukibanwa ujibu mapema, taja tarehe hiyo. Na usisahau Bodi ya Mikopo: deni la shahada ya kwanza halisafiri kwenda likizo. Siku utakapoajiriwa nyumbani watakata asilimia 15 ya mshahara, nawe utakuwa umechelewa kuajiriwa kwa miaka kadhaa. Mwanafalsafa naye ni mdaiwa.

Kikao cha nyumbani kilikaa mwishoni mwa Machi, nami nikaenda. Wazee wa ukoo walikuwa watano. Mmoja wao aliitaka Uingereza kwa nguvu, akisema Mwalimu alisoma kule, na kwamba ukoo ungeweza kuchanga. Nikaeleza hesabu ya sabini na nne, akauliza kama Kanada iko chini ya Malkia. Nikamwambia Malkia alifariki 2022 na sasa ni Mfalme, akaridhika. Ubishi wa kweli ulikuwa juu ya wale tisa. Ng'ombe wa kuuzika walikuwa wale wa mahari ya dada, na wale wamewekwa kwa ajili ya kaka yangu anayefuata kuoa. Hakuna mtu pale aliyefikiria kumwuliza dada mwenyewe. Ndivyo ilivyo desturi, na mimi niliyeandika kurasa kumi na nane juu ya ndoa na majukumu nilikuwa nimekaa pale nikihesabu mifugo iliyoingia kwa yeye kutoka.

Kesho yake nilipanda gari kwenda kwake, upande wa Tarime, karibu na Nyamongo. Alikuwa anapepeta ulezi. Nilimweleza, akasema, "Kwanza nisomee nijue unachokwenda kununua." Nikamsomea insha, nikiitafsiri papo hapo. Alisikiliza hadi mahali nilipomshinda yule mpinzani wa jinsia mbili, akanikatisha. "Huyo anayesema hivyo ni nani? Huku hakuna anayeuliza hilo. Mbona yule msichana aliyeolewa hujamuuliza kitu? Umesema ndoa ni majukumu, ya nani kwa nani, kwa ng'ombe gani. Yeye alikubali lini?"

Huyo ndiye mpinzani niliyepaswa kumpa kiti. Nyerere aliliona swali lile Makerere na Mill mkononi. Mimi nilikuwa na dada na sikumwona. Insha niliyokubaliwa nayo ina tundu katikati, na chuo hakikuligundua, au kiliona akaniachia nijilipie mwenyewe. Niliandika upya sehemu ya tatu pale pale kwake usiku, nikimwuliza naye akijibu, tukabishana hadi shemeji akaenda kulala.

Juu ya ng'ombe alisema wauzwe sita tu. Watatu wabaki kwa ajili ya kaka, na hao watatu waliopungua niwatafute mimi, kwa kazi yoyote, kabla ya Agosti. Nilijibu chuo cha Kanada tarehe 11 Aprili. Hivi sasa ninafundisha tuisheni ya kidato cha sita jioni, na nimekwishapata ng'ombe mmoja na miguu miwili.